Kamera ndogo ya mfukoni: usiku picha zina chenga, mchana nyuso nyeusi. Tatizo ni kamera au ni mimi?

Chumbageni_Boy
Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu.

Nina kamera ndogo hizi za mfukoni, za kubonyeza tu, megapikseli 20 zumu mara 8, aliniletea shangazi alipokuja likizo toka Muscat. Kampuni siitaji maana nawajua humu mtaanza ligi ya ipi zaidi. Nikaona badala ya kukaa kama pambo kabatini nianze kupiga vishughuli vya hapa mtaani Tanga, ubarikio, mahafali ya chekechea, kichen pati za mashangazi, nipate hela ya vocha.

Sasa aibu niliyoipata wiki iliyopita weeh. Nimepiga kichen pati ya binamu yangu, kwenye kioo cha kamera picha zinaonekana kali kabisa nikawa najipongeza mwenyewe, nimekuja kuzisafisha studio nusu nzima hazifai. Bi harusi anaingia ukumbini katoka kama mzimu, kavuta mkia, nyuma yake giza tupu utadhani tulikuwa Mapango ya Amboni wakati ukumbi ulikuwa na mataa kibao. Zingine zina chenga kama tivii ya antena ya zamani. Macho ya watu mekundu kama wamekesha kigodoro wiki nzima.

Nikasema labda ni usiku. Jumapili nikapiga maulidi mchana kweupe, jua linawaka, huko nako kanzu nyeupe zimekuwa rangi ya majivu na nyuso za wazee nyeusi tii, mzee mmoja kaniuliza mbele za watu "wewe kijana ulikuwa unanipiga picha mimi au unapiga kofia yangu?"

Halafu kuna nyingine zina kama ukungu, na mbili za usiku zina viduara vyeupe vinaelea hewani, bibi kaviona akanyamaza kwanza kisha akasema picha hizo zisiingie ndani kwake.

Shangazi alipigwa huko dukani au mimi ndo sijui? Nawasilisha.

Kibopa77
Peleka makumbusho mkuu. Dunia ya leo nani anapiga shughuli na hivyo vidude, nunua simu nzuri ulale usingizi.

Fundi_wa_Lenzi
Tulia kijana usimsikilize Kibopa, huyo ana simu ya milioni na bado anapiga picha amekata miguu ya watu.

Kabla hatujakupa dawa tupe vipimo. Kila picha ya dijitali inabeba ndani yake rekodi ya kamera ilifanya nini wakati unabonyeza. Weka memori kadi kwenye kompyuta, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia propatizi halafu ditelzi, utaona spidi ya shata (muda mlango wa mwanga ulikaa wazi), namba ya f (tundu la mwanga, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na kama flashi iliwaka. Niletee za picha mbili tu, ya bi harusi na ya huyo mzee wa kofia. Na usichukue zilizopita WhatsApp, ile inafuta hizo taarifa zote, chukua toka kwenye kadi yenyewe.

Chumbageni_Boy
Asante mkuu, kumbe kuna vitu hivyo sikuwa najua kabisa.

Bi harusi: f/6.3, spidi 1/15, ISO 800, flashi imewaka. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya ukumbi karibu na spika nikavuta zumu mpaka mwisho ili nisiwazibe wageni.

Mzee: f/3.3, 1/2000, ISO 80, flashi haijawaka. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, kanzu tupu, nyuma yao ukuta wa chokaa nyeupe na jua saa saba hivi.

Modi nilikuwa kwenye ile ya kijani ya kila kitu chenyewe.

Fundi_wa_Lenzi
Basi kesi imeisha, kamera yako nzima na shangazi hajapigwa.

Nianze na bi harusi maana hapo kuna makosa matatu na yote yana baba mmoja, ni hiyo zumu. Lenzi za kamera ndogo zinapungua mwanga kadiri unavyovuta. Ukiwa hujavuta yako iko f/3.3, ukivuta mpaka mwisho inakuwa f/6.3, maana yake mwanga unaoingia unabaki kama robo hivi. Kamera ikaona giza, ikafanya mawili, ikapandisha ISO mpaka 800 na ikaiacha shata wazi muda mrefu, moja ya kumi na tano ya sekunde. Unaweza kuona muda huo ni mdogo, lakini ukivuta zumu kila mtetemeko wa mkono nao unavutwa. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kipimo chao, kama mvuto wa lenzi ni sawa na milimita 200 basi spidi isishuke chini ya 1/200. Wewe uko 1/15! Utaniambia kamera ina kitulizaji cha mtikisiko, sawa, kile kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bi harusi anayetembea huku anacheza.

La pili flashi. Hivi viflashi vidogo nguvu yake ni ya mita tatu tu hivi, na ukivuta zumu ni pungufu ya hapo, karibu nusu. Mwanga ukienda umbali mara mbili haupungui nusu, unabaki robo. Sasa kama ulikuwa mita 8, mtu aliyekaa mita 2 alipata mwanga mara 16 ya aliopata bi harusi, ndo maana naamini kwenye hiyo picha kuna kisogo cha mgeni wa mbele kimeng'aa kama balbu (niambie kama nadanganya).

La tatu macho mekundu. Hiyo nyekundu ni mishipa ya damu nyuma ya jicho, flashi ikiwa karibu sana na lenzi mwanga unaingia na kurudi njia ileile, na gizani mboni imefunguka wazi. Ukiwa mbali ile pembe kati ya flashi na lenzi inazidi kuwa nyembamba, kwa hiyo mbali na zumu ndo macho yanawaka vizuri. Kuna setingi yenye alama ya jicho, inamulika kwanza ili mboni zijibane ndipo inapiga. Ila waambie watu wasitawanyike kwenye mmuliko wa kwanza, picha yenyewe inakuja sekunde moja baadaye, hapo ndo unapata watu wameshageuka wanaulizana "tayari?"

Dawa sasa. Acha modi ya kijani, weka P, hapo kamera inakuruhusu kugusa ISO na mengine. Zumu irudishe mwanzo kabisa. ISO weka 400. Simama mita mbili mpaka mbili na nusu. Inuka mkuu, mpiga picha wa shughuli hakai kwenye kiti karibu na spika, wageni wamezoea kuzibwa. Bonyeza kitufe nusu, subiri kiboksi cha kijani na mlio, ndo umalizie. Hili la kubonyeza nusu ni kubwa kuliko mnavyofikiri, wengi wanabonyeza moja kwa moja kama kengele ya mlango, kamera inaanza kutafuta fokasi wakati tukio limeshapita.

Na usisogee nusu mita usoni kwa mtu bila zumu, pua zinakuwa kubwa na watakununia. Piga kuanzia kiunoni kisha ukate kwenye kompyuta. Megapikseli 20 ni kama pikseli 5152 kwa 3864, ukikata ukabaki na nusu ya upana na nusu ya urefu bado una 2576 kwa 1932, na picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inatosheka na 1800 kwa 1200. Kwa hiyo hizo megapikseli ndo zumu yako ya usiku.

Chenga ni ISO. Sensa ya hizi kamera, ile sehemu ya ndani inayonasa mwanga, ni ndogo kama punje ya hindi, milimita 6 kwa 4 na nusu hivi, na wamebanana humo macho milioni 20, kila moja linapata mwanga kiduchu, ukipandisha ISO unapandisha sauti ya redio isiyoshika, makelele nayo yanapanda. Mpaka 400 sawa, 800 kwa shida, zaidi ya hapo ni ya kuweka WhatsApp tu.

Chumbageni_Boy
Kisogo kipo mkuu!! Cha mama mkubwa, kinang'aa balaa. Umejuaje.

Na wazee je?

Fundi_wa_Lenzi
Wazee ndo somo tamu zaidi na ndo linatuumiza sana sisi huku pwani.

Kamera haijui kanzu wala uso. Inapima mwanga wa fremu nzima na inaamini kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu cha katikati. Ukiijazia kanzu ishirini na ukuta wa chokaa inasema aisee hapa mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu zinashuka kutoka nyeupe kuwa majivu, umeziona mwenyewe, na uso wa mzee ambao tayari ni mweusi na uko chini ya kivuli cha kofia na jua la utosini unashuka nao shimoni. Kamera imefanya kazi yake, ila imepima kitu kisicho uso.

Kwa hiyo kuna kialama cha +/- cha kuongeza au kupunguza mwanga kwenye menyu au kwenye kitufe cha pembeni, kanzu nyingi peleka +0.7 au +1. Ukipiga akina mama wamejaa mabuibui meusi ni kinyume, kamera itaona giza itaongeza, nyuso zitapauka kama zimepakwa unga, hapo peleka -0.7. Ukisahau kurudisha sifuri usije kunilaumu, mimi nilishapiga ndoa nzima ya nje na +1 ya jana yake.

Na saa saba ile washa flashi kwa nguvu, ile alama ya radi peke yake bila herufi A. Watu wanacheka flashi ya nini juani, lakini ndo inaingia chini ya kofia na kuondoa kivuli machoni. Mita mbili au tatu tu, zaidi ya hapo haifiki. Bora zaidi uwahamishe wazee kwenye kivuli cha mwembe au upande wa ukuta usiopigwa na jua, wote wawe kivulini, sio nusu jua nusu kivuli, ile madoadoa ya majani usoni hakuna setingi ya kuiondoa.

Binti_Kisauni
Fundi kamaliza, mie naongezea la ukungu na hivyo viduara vya bibi kwa sababu yamenikuta yote huku Mombasa.

Ukungu una vyanzo viwili kakangu. Cha kwanza, ulikuwa ndani ya gari au chumba chenye eisii? Kamera ikipoa kisha uitoe nje kwenye joto letu hili la pwani, lenzi inatoka jasho papo hapo, kama chupa ya soda baridi ukiiweka mezani. Mie nilipiga wageni wa dadangu wote wakishuka gari, kumbe nimetoka chumba cha hoteli chenye baridi, picha kama arubaini zote moshi. Usipanguse pale pale kwa sababu unyevu unarudi tena. Kabla hujatoka itie kwenye mfuko wa plastiki ufunge, ukifika nje iwache humo nusu saa ipate joto polepole, jasho litakaa juu ya mfuko sio kwenye lenzi.

Cha pili ni kidole. Hizi kamera lenzi yake ni ndogo na wakati imefunguka kila mtu akikuomba "hebu nione" anaishika pale pale mbele. Mkono umetoka kushika viazi karai, unafikiri utaona nini. Ukiona kila taa kwenye picha imevuta nywele au imezungukwa na utando, hiyo ni mafuta. Puliza vumbi kwanza, ihemee pumzi, upanguse taratibu na kile kitambaa cha miwani. Tafadhali si leso, si fulana, leso imebeba mchanga wa nyumba nzima.

Haya, viduara vya bibi. Muambie si majini wala si wahenga. Ni vumbi au vitone vya manyunyu viko sentimita chache mbele ya lenzi, flashi imevimulika kwa nguvu na kwa sababu haviko kwenye fokasi vinavimba kuwa duara. Kwenye kamera ndogo flashi imekaa ubavuni pa lenzi ndo maana hizi zinaona "majini" wengi kuliko kamera kubwa. Piga ukumbi ambao umetoka kufagiwa sasa hivi uone, utapata ukoo mzima. Kama unataka bibi aamini, kunguta mkeka usiku mbele yake upige na flashi, kisha uzime flashi upige tena.

Na usiifungie kabatini miezi, unyevu wa pwani unaota kuvu ndani ya lenzi, inakuwa kama utando wa buibui na hiyo haipanguswi. Itie kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Watu husema mchele, mchele una unga, unga ni vumbi.

Kibopa77
Mimi swali moja tu, simu yangu ina megapikseli 12 na inapiga usiku kuliko hiyo ya 20, sasa hizo 20 za nini? Sio kejeli safari hii.

Fundi_wa_Lenzi
Swali zuri kwa mara ya kwanza. Simu haipigi picha moja, inapiga kadhaa kwa haraka na kuziunganisha kwa hesabu ndani, chenga zinafutana. Kamera ya Chumbageni inapiga moja tu. Lakini yeye ana zumu ya kioo ya kweli mara 8 ya mchana na flashi halisi ambayo inamgandisha mtu akicheza, kile kitaa cha simu hakiwezi. Kila mtu ale alipo.

Ila hapo hapo nimkumbushe Chumbageni, zumu ya dijitali izime kwenye menyu. Ukifika mwisho wa ile mara 8 ikaendelea kuvuta, hapo haivuti kitu, inakata picha na kuitanua tu.

Mzee_wa_Studio
Mnamsaidia vizuri kijana lakini hakuna aliyemuuliza amezipelekaje studio. Mimi nasafisha picha mwaka wa kumi na tisa sasa, naona kila siku. Anakuja mtu "mzee picha zako zina ukungu", nikiangalia faili lina kilobaiti tisini, limepita WhatsApp mara mbili toka kwa shemeji. WhatsApp inapunguza vipimo na kubana picha. Leta kadi au flashi diski, au kama lazima WhatsApp basi tuma kama dokumenti na sio kama picha.

Pia angalia kwenye menyu saizi imewekwa ngapi. Watu wanaweka ile ndogo kabisa ya VGA 640 kwa 480 ili kadi isijae, halafu wanataka niwatolee ya kuweka kwenye fremu sebuleni. Sina uchawi huo.

Na jambo lingine ambalo halisemwi, kamera hizi zinapiga umbo la 4 kwa 3, karatasi yangu ni inchi 6 kwa 4. Haviendani, kwa hiyo mashine inakata juu na chini. Ukibana vichwa vya watu mpaka kwenye ukingo wa fremu, mimi nitavikata na lawama ni zangu. Acha nafasi juu ya vilemba, kwa akina mama wenye vilemba vya siku hizi acha nyingi.

Rangi nayo, picha za ukumbini kama ni za njano kama zimemwagiwa chai, chagua ile alama ya balbu kwenye mizani ya weupe, kama ni za kijani kijani chagua alama ya tyubulaiti. Wakiwasha yale mataa ya rangi ya MC usihangaike, sogea upige na flashi, mizani iache kwenye AWB, yaani kamera ijichagulie yenyewe. Mtu akiwa zambarau nusu uso hata mimi simrudishi.

Usiamini kioo cha kamera. Kila kitu kinapendeza kwenye inchi mbili na nukta saba. Ukimaliza kupiga vuta ile picha kwenye kioo mpaka uone kope za jicho, kama kope hazionekani rudia wakati mtu bado yupo.

Chumbageni_Boy
Wakuu nimerudi na mrejesho, jana usiku nimemsimamisha dada sebuleni na kanga yake, taa moja ya enaji seva. Picha ya kwanza kama zamani, nimekaa kwenye kochi mbali nikavuta zumu modi ya kijani, ikatoka 1/8 na macho mekundu na sura imevuta. Ya pili P, zumu mwanzo, ISO 400, mita mbili nimepima kwa hatua, flashi. Wakuu jina la kanga linasomeka. Dada kaiweka profaili tayari na hajanilipa.

Jaribio la mkeka nalo nimefanya, bibi kacheka, ila kasema zile za kwanza bado zikae kwangu.

Mzee wa studio ni kweli, zile nilizopeleka nilikuwa nimemtumia kijana wa pale kwa WhatsApp, nimeona aibu.

Sasa limebaki moja. Kuna kidoa cheusi kama nukta ya kalamu upande wa kulia juu, kiko kwenye picha za juzi na za jana palepale, nikivuta zumu kinaonekana zaidi. Lenzi nimeipangusa kama dada Binti Kisauni alivyosema, hakitoki. Nina bisibisi ndogo za simu, nikifungua nikipulize?

Fundi_wa_Lenzi
Weka bisibisi chini!

Kidoa kinachokaa palepale ni vumbi lililoingia ndani mpaka juu ya sensa. Hiyo lenzi inayotoka na kurudi inafanya kazi kama pampu ya baiskeli, kila ikifunguka inavuta hewa, na ukiiweka mfukoni mwa jinzi inavuta na nyuzi za mfuko. Kinaonekana zaidi kwenye zumu kwa sababu tundu la mwanga limekuwa dogo, kivuli cha vumbi kinakuwa kikali. Piga anga au ukuta mweupe ukihakikishe. Kwa sasa kifute kwenye kompyuta, kwenye kilemba au gauni la maua hakuna atakayekiona, na kamera ishonee kifuko chake.

Kuifungua mpelekee fundi anayejua. Ndani pale pembeni ya flashi kuna kapasita inachajiwa mpaka volti 300 hivi, na inaweza kubaki nazo hata kamera ikiwa imezimwa na betri umetoa. Mimi ilinipiga kidole gumba nikaangusha kamera ya mteja, skrubu zikatawanyika chini ya friji, mbili sijaziona mpaka leo.

Chumbageni_Boy
Duh. Nimerudisha bisibisi kwenye droo.